Ufadhili wa Italia: hesabu ianzie Agosti 10

Mhariri,

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, magazeti na makundi ya WhatsApp hujaa habari za ufadhili wa mikoa ya Italia: chumba, chakula cha kantini, ada kusamehewa. Habari hizo ni za kweli. Kinachoachwa ni sharti linalokuja baada ya viza, nalo linawabana hasa wanafunzi wa fasihi. Katika mikoa mingi, aliye mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka mitatu lazima awe na krediti 20 ifikapo Agosti 10, la sivyo fungu la pili la fedha halitoki. Asipozifikisha hadi Novemba 30, ufadhili wote hufutwa na alichokwisha kupokea hudaiwa.

Mwaka mzima una krediti 60, kwa hiyo 20 zinaonekana mteremko. Lakini krediti moja ni saa 25 za kazi, darasani na nje ya darasa, na mitihani ya fasihi kwa kawaida ni ya krediti 6, 9 au 12. Aliyefaulu miwili ya 9 ana 18 tu. Kwa ajili ya hizo 2 zilizopungua itambidi afanye mtihani wa tatu mzima. Na kabla ya Agosti misimu ya mitihani ni miwili, Januari hadi Februari na Juni hadi Julai. Ule wa Septemba unakuta tarehe imeshapita.

Sasa mchukulie aliyepata viza Novemba ilhali masomo yalianza Septemba. Vyuo vingi vina silabasi mbili, ya wanaohudhuria na ya wasiohudhuria, na hawa wa pili huongezewa kitabu kimoja au viwili vya uhakiki kufidia mihadhara waliyoikosa. Basi asikae kusubiri simu ya ubalozi. Silabasi hizo huwekwa kwenye tovuti ya chuo mapema, pamoja na matoleo ya vitabu yanayotakiwa. Aanze kusoma akiwa bado Morogoro au Eldoret.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Mhadhiri anafungua kitabu, anakuonyesha beti, unasoma kwa sauti, unazieleza kwa lugha ya kawaida, kisha unazihakiki. Aliyekariri notisi huumbuka pale anapokatizwa katikati na kuulizwa mstari una silabi ngapi na kwa nini. Waliokulia kwenye mashairi yetu hudhani hapa wamefika nyumbani, maana kuhesabu mizani si jambo geni kwao. Watazame mstari wa pili wa “Divina Commedia”, utenzi wa Dante, mshairi mkuu wa Italia: “mi ritrovai per una selva oscura”. Ukihesabu Kiswahili unapata mizani 13. Kwa Kiitaliano ni 11, kwa sababu “vai” ni silabi moja, na “a” ya “selva” hutamkwa pamoja na “o” ya “oscura” katika pigo moja. Tena kinachoamua si idadi peke yake, bali mkazo wa mwisho uangukie silabi ya 10. Mstari unaoishia hapo hapo kwenye mkazo una silabi 10, na bado unaitwa wa 11. Asiyelijua hilo atakosoa mstari usio na kosa, mbele ya mhadhiri.

Jambo jema ni kwamba mitihani hiyo iko wazi kwa yeyote. Nenda kaketi nyuma siku wenzako wanapohojiwa, uandike maswali. Wenyeji ndivyo wafanyavyo. Ila usiwaige katika jambo moja. Alama ni kati ya 30 na kufaulu ni 18, na mwanafunzi akipewa 20 anaweza kuikataa ili arudie apate kubwa zaidi. Mwitaliano anayekula kwa mama yake anaimudu bahati nasibu hiyo. Mwenye deni la krediti 20 achukue 18 yake, ashukuru, aende.

Kuna pia Kilatini. Kozi za “Lettere”, yaani za fasihi ya Kiitaliano na ya kale, kwa kawaida zina mtihani wa lugha hiyo, na sekondari zetu, ukiziondoa seminari za Kikatoliki, haziifundishi. Baadhi ya vyuo humpeleka asiyekijua kwenye darasa la msingi lisilo na krediti hata moja, yaani miezi ya kazi isiyoingia katika zile 20. Kozi za “Lingue”, ambako fasihi husomwa pamoja na lugha mbili za kigeni, mara nyingi hazina sharti hilo. Mwombaji aulize kabla hajajaza jina la kozi kwenye Universitaly, tovuti ya serikali ya Italia ya maombi ya vyuo, kwa sababu viza hutolewa kwa kozi iliyoandikwa humo, na kuibadilisha ukiwa umeshafika ni kazi nzito.

Wasomaji wenu,
Bologna, Italia