Asante, Mwalimu uliyetuelekeza urubani Mtwara

Shikamoo, Mwalimu. Hukutaka jina lako litajwe, nasi tunaheshimu. Shukrani, hata hivyo, hatuwezi kuzinyamazia.

Ulisisitiza kwamba injini moja kati ya mbili ikizimika, kazi ya kwanza ni kuishika ndege, kosa litafutwe baadaye. Pua hukimbilia upande wa injini iliyokufa. Kanyaga pedali ya upande wa pili hadi inyooke, laza bawa kuelekea injini iliyo nzima, lisizidi nyuzi 5. Mguu uliokosa kazi ndio unaoonyesha injini iliyokufa. Thibitisha kwa kurudisha throtoli yake (wenzo wa nguvu) taratibu, ndipo ugeuze mapanga ya pangaboi lake yakate upepo, maana pangaboi linalozungushwa na upepo ni breki. Usichelewe: kwenye ndege nyingi ndogo za pistoni, chini ya mizunguko 800 hivi kwa dakika, kufuli la ndani ya pangaboi huyazuia mapanga yasigeuke. Hilo wengi hulisahau.

Mwendo ushikwe kwenye mstari wa buluu wa kipima mwendo, yaani mwendo bora wa kupaa kwa injini moja. Ukishuka hadi mstari mwekundu, pedali haitoshi na ndege yaweza kupinduka. Hapo punguza nguvu ya injini iliyo nzima, shusha pua. Nusu ya nguvu ikipotea, uwezo wa kupaa hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na joto la mchana wa Mtwara huongeza upungufu huo.

Asante sana, Mwalimu, hasa kwa hilo la kufuli.