Kwa wajumbe wapya wa bodi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) za korosho

Wanangu, asalaam aleikum, na kwa wengine Bwana asifiwe.

Hongereni kwa kuchaguliwa. Semina mtapewa: watakuja maofisa wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mtasomewa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mtakunywa chai na kusaini posho. Hapo sina la kuongeza. Langu mimi ni la mzani.

Mkulima anafika na gunia lake. Mzani unasoma kilo 83 na nusu, karani anaandika 83. Ukiuliza, utaambiwa ni unyaufu, au mzani unacheza. Mama mwenye gunia ameona, lakini anaona haya kugombana na mtoto wa jirani kwa nusu kilo. Sasa chukueni magunia elfu mbili ya namna hiyo: ni tani nzima. Na tani hiyo haipotei. Itaandikwa kwa jina la mtu, itaingia ghala kuu, itapigwa mnada pamoja na nyingine, na fedha zitatua benki kwenye akaunti ya bwana ambaye hana hata mkorosho mmoja. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akija, vitabu vinakubaliana: kilo zilizopokelewa ndizo zilizouzwa. Kwa hiyo msimsubiri mkaguzi. Wizi huu huonekana asubuhi tu, gunia likiwa bado juu ya mzani. Mizani ya kidijitali inasaidia, sikatai, ila pale risiti inapoandikwa kwa mkono, mkono ni ule ule.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada, ulipoanza huku kwetu Mtwara msimu wa 2007/2008, tuliambiwa utamwokoa mkulima na mnunuzi wa barabarani. Na kweli, mnada una faida yake. Lakini mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela nje ya chama, hakufa, alihama. Siku hizi mwingine ni mjumbe wa bodi. Wakati wa njaa anamkopesha jirani debe la mahindi, anamwandikia korosho ambazo bado ni maua, na Oktoba anazileta kwenye chama anachokiongoza kana kwamba ni za shamba lake. Nani asiyejua? Kijijini tunajuana kwa idadi ya mikorosho! Anayepokea magunia hayo na kunyamaza naye amekula, hata kama hakupewa shilingi.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili, hata kupangisha nyumba. Masharti yale yamepita na siombi yarudi. Mjumbe ana haki ya kumiliki lori. Ila siku ya kujadili nani asafirishe mazao, aseme mapema kwamba lori ni lake, au la shemeji yake, kisha atoke nje. Na muhtasari uandike kuwa alitoka. Nimeona vikao ambavyo mwenye lori ndiye aliyesoma bei za washindani wake kwa sauti, akacheka, akaandika yake mwisho.

Jambo la mwisho mtaliona dogo. Karani wa msimu mnamlipa kidogo, tena mnamchelewesha mpaka Februari, huku posho za vikao vyenu zikitoka siku hiyo hiyo. Kijana huyo mmemkabidhi jasho la kata nzima, na nyumbani ana watoto wanaosubiri unga. Akiiba ashtakiwe, sawa, lakini na ninyi mtakuwa mlimchongea njia. Kikao chenu cha kwanza, kabla ya ajenda ya posho, pitisheni malipo yake yawe ya kila wiki. Halafu pangeni zamu: kila siku ya kupokea mazao mjumbe mmoja akae mzanini tangu asubuhi, asiwe yule yule kila mara, na asome kilo kwa sauti ya kusikika na mwenye gunia.

Mzee wenu,
mtunza ghala mstaafu, Newala