Mdogo wangu uliyeko Albany, mpitie Henry Johnson

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, anauliza kama baridi imepungua. Juzi kwenye simu ulisema basi lako la kwenda kazini hapo Albany, jimbo la New York, hupita barabara ya Henry Johnson Boulevard, na kwamba hujui huyo Johnson alikuwa nani. Bando langu lilikuwa linakata, na habari zake si za dakika mbili. Nakuandikia hapa hadharani, maana najua si wewe peke yako usiyemjua.

Alikuwa hamali, kama wewe. Kwao ni North Carolina, akahamia Albany akiwa kijana, akawa anabeba mabegi ya abiria kwenye stesheni ya treni. Mfupi, mwembamba, kilo hazifiki sitini. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajiandikisha kwenye kikosi cha Weusi cha New York, kilichokuja kuitwa rejimenti ya 369. Walipofika Ufaransa wakapewa kazi za sulubu. Jeshi la Marekani halikutaka Weusi wapigane pamoja na Wazungu, na mwishowe likawakabidhi kwa Wafaransa, wakavaa helmeti za Kifaransa na kushika bunduki za Kifaransa. Hao ndio waliokaa mstari wa mbele siku 191.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika msitu wa Argonne, Johnson alikuwa lindoni na mwenzake, Needham Roberts. Wakasikia waya wa seng'enge unakatwa gizani. Wajerumani walikuwa kumi na wawili au zaidi. Roberts alijeruhiwa mapema, akabaki chini akimpasia Johnson maguruneti. Maguruneti yakaisha. Bunduki ikakwama. Johnson akaigeuza, akawapiga kwa kitako mpaka kikavunjika. Kisha akaona wanamkokota Roberts wamchukue mateka, na hapo akachomoa bolo, kisu kizito ambacho wewe na mimi tungekiita panga, akawaingia. Yeye mwenyewe alikuwa na majeraha 21. Roberts hakuchukuliwa.

Kila nikifika hapo nasimama. Angeweza kukimbia.

Wafaransa hawakuchelewa: walimpa Croix de Guerre, nishani yao ya ushujaa vitani, na alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuipata. Februari 1919 New York ikafurika watu kuipokea rejimenti, yeye akiwa amesimama ndani ya gari la wazi. Lakini karatasi zake za kuachishwa jeshi hazikutaja hata jeraha moja. Mwili ule haukuweza tena kazi ya stesheni kama zamani. Alifariki mwaka 1929, bado kijana, na kwa miaka mingi waliomtafuta waliamini amezikwa makaburi ya maskini. Kumbe alikuwa Arlington, wanakozikwa mashujaa wao, na hakuna aliyejua.

Nchi yake ikaanza kumkumbuka 1996, ikampa nishani ya askari waliojeruhiwa vitani. Miaka 67 baada ya kifo! Tarehe 2 Juni 2015 Rais Obama akatoa ile kubwa kuliko zote, Nishani ya Heshima. Jeshi lilikuwa limetafuta mtu wa damu yake wa kuipokea, likamkosa. Akaipokea askari wa jeshi la akiba la New York, mtu asiye na undugu naye.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko majeraha yote 21. Nalifikiria kwa sababu ya babu mzaa babu yetu. Vita hivyo hivyo, miaka hiyo hiyo, huku kwetu, alichukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo, na hakurudi. Kariakoo tunakonunua vitenge imebaki na jina la kikosi cha wapagazi wale, Carrier Corps, lakini majina yao wenyewe hayasikiki. Bibi alikuwa akimtaja kila Idi, na tangu bibi afariki nimeona kimya kimeingia nyumbani. Sisi angalau tupo. Johnson hata mtu wa kumtaja mezani hakubaki naye.

Basi siku ya mapumziko, shuka kituo kimoja kabla. Ufuate barabara hiyo mpaka bustani ya Washington Park, kuna mnara wake pale. Simama kidogo, umsomee Fatiha au umwombee kwa namna utakayoona inafaa, yeye na babu. Kisha unipigie nikiwa na mama. Anataka kukusikia ukimtaja babu kwa jina lake kamili.

Kaka yako