Mtoto anayewatangulia wenzake naye ana haki ya kufundishwa

Mhariri,

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani mwaka jana nilikuwa nimeketi ukumbini kwangu hapa Langoni, Lamu, nikichora ukanda wa kofia ambayo mwenyewe aliitaka iwe tayari kabla ya Idi. Nilikuwa nimepima vitundu 240 kuuzunguka ukanda wote, na ua nililolichagua lilikuwa likichukua vitundu 14. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, aliitazama penseli yangu kwa muda, kisha akaniambia, "Mama, ua hili halitafungana huku nyuma, vitabaki vitundu viwili." Nilipomwuliza amejuaje, alinieleza kwamba kumi na nne mara kumi na saba ni mia mbili thelathini na nane, na kwamba nikilipanua ua kwa kitundu kimoja tu litazunguka mara kumi na sita na kukutana sawasawa na lilipoanzia. Nilifuta, nikachora upya kwa hesabu yake, na kofia ikafungana. Juma hilo hilo, darasani kwake katika Gredi ya Pili, alikuwa amepewa kazi ya kujumlisha namba za tarakimu mbili.

Baada ya mwezi mmoja niliitwa shuleni. Sikuitwa kuhusu hesabu zake, bali kwa sababu ya utovu wa nidhamu: humaliza kazi mapema, huzungumza na wenzake, huchora mauwa ya kofia juu ya dawati, na akiulizwa swali hujibu kabla mwalimu hajalimaliza. Mwalimu wake simlaumu. Ana watoto zaidi ya sitini mbele yake, baadhi yao hawajaijua vyema ishara ya kutoa, na mimi mwenyewe niliwahi kufundisha chekechea kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo najua uzito wa kuwa peke yako mbele ya watoto wengi kiasi hicho. Lakini dawa aliyopewa binti yangu ilikuwa ni kuketishwa nyuma na kuambiwa asubiri. Amesubiri mwaka mzima. Siku hizi asubuhi huniambia tumbo linamwuma, na siku za Jumamosi tumbo hilo huwa zima kabisa.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimegundua kwamba sisi wazazi wa watoto wa namna hii tunaomba kitu ambacho kimekwisha kuandikwa katika sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapowataja watoto wenye mahitaji maalumu, inawataja walio na ulemavu wa aina mbalimbali, kisha inawataja waziwazi wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya kipekee. Wote wamewekwa katika kifungu kimoja, kwa maana kwamba taifa lilikubali kuwa mtoto anayebaki nyuma ya somo na mtoto aliyelitangulia somo wote wawili hawafikiwi na mafundisho ya kawaida. Hata hivyo sera ya sekta hii iliyotolewa mwaka 2018, kama jina lake linavyoeleza, ni ya wanafunzi wenye ulemavu. Ni sera njema, na naomba nisieleweke vibaya hapa: sitaki hata shilingi moja iondolewe kwa mtoto asiyeona au asiyesikia ili apewe mwanangu. Ninachosema ni kwamba kundi la wenye vipawa lilitajwa katika sheria, na mzazi akilitafuta huku chini katika utekelezaji halioni.

Nililitafuta. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini tangu mwaka 1984, na nilimchukua binti yangu nikaenda kuomba atathminiwe. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole sana. Alichukua fomu, akaanza kuniuliza: anaona vizuri? Anasikia? Viungo vyake vina tatizo? Ana kifafa? Kila swali nilijibu kwamba, alhamdulillahi, hana neno, mpaka fomu ikamalizika na hapakuwa na mahali pa kuandika lililotuleta. Afisa aliugeuza ukurasa, akatazama nyuma yake, ukawa mtupu. Akanishauri nimshukuru Mungu.

Namshukuru Mungu kila siku. Lakini sheria hiyo hiyo ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa au kuzuiwa darasani, na nashindwa kuona tofauti kubwa kati ya mtoto anayelazimishwa kurudia Gredi ya Tatu na mtoto anayeingia Gredi ya Tatu akiwa amekwisha kuyajua yote yatakayofundishwa humo. Wote wawili wanarudia mwaka.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba haya hapa Lamu si mageni. Mchana ule ule ambao binti yangu huketishwa nyuma shuleni, akitoka huko huenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na chuoni hakuna aliyemwambia asubiri. Mwalimu wa chuo ana watoto thelathini juu ya mikeka, mmoja yuko kwenye alifu, mwingine anaunganisha irabu, wa tatu yuko katikati ya Juzuu Amma, na pembeni kuna aliyekaribia kuhitimu. Kila mmoja husogea mbele ya mwalimu kwa zamu, husomeshwa pale alipofikia, na akiisha kuliweka somo lake moyoni hupewa linalofuata siku hiyo hiyo. Aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma yake, na hakuna anayeona aibu kwamba kijana wa miaka kumi na miwili na mtoto wa miaka minane wako kwenye sura moja. Vivyo hivyo katika darsa za misikiti yetu, mtu huulizwa anasoma kitabu gani, haulizwi umri wake. Nenda Matondoni kwa mafundi wa vyombo vya baharini utaona utaratibu uo huo: kijana huanza kwa kukusanya vipande na kutia kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, na siku fundi anapoona mkono wake umetulia humpa tezo ya kuchongea mbao, hata kama walioanza pamoja naye bado wanasokota pamba. Hakuna fundi anayekataa kumwonyesha kijana namna ya kupima mataruma, zile mbavu za chombo, kwa hoja kwamba tarehe yake ya kuzaliwa haijafika. Mji huu umewalea wanazuoni, washairi na mafundi kwa njia hiyo kwa karne nyingi, na watoto wetu wangali wanaipitia kila alasiri. Ni asubuhi tu tunapoisahau.

Nimewasikia wanaosema kwamba mtaala mpya utalitatua hili. Ni kweli kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, unasisitiza kipawa cha kila mwanafunzi, na kwamba mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya Kumi na kugawanyika katika njia tatu, za sayansi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Nalifurahia jambo hilo. Lakini mtoto hufika Gredi ya Kumi akiwa na miaka kama kumi na mitano, na mtoto anayezima huzima mapema zaidi ya hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa ufadhili wa masomo, ambao umewainua vijana wengi wa jamii zisizo na uwezo. Starehe ya Nairobi imekuwa ikiwapokea wavulana maskini wenye akili tangu mwaka 1959, na mpango wa Wings to Fly ulianza mwaka 2010. Yote hayo yanamngoja mtoto kwenye mlango wa shule ya sekondari akiwa na alama nzuri mkononi. Aliyekata tamaa akiwa Gredi ya Nne, akajifunza kwamba kujua ni kujitafutia lawama, hawezi kuufikia mlango huo.

Wala kipimo kimoja cha mtihani hakitoshi kumtambua. Mwaka 1921 huko Marekani, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwachagua watoto zaidi ya elfu moja waliopata alama za juu katika kipimo cha akili ili awafuatilie maisha yao yote. Miongoni mwa watoto waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikufika walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Kwa hiyo sidai kwamba serikali ije na karatasi moja ya maswali, iwagawe watoto wa Lamu kwa siku moja kuwa wenye kipawa na wasio nacho. Mwalimu anayekaa na mtoto mwaka mzima, mzazi anayemwona akicheza, mwalimu wake wa chuo, na kazi za mikono yake mwenyewe, hao wote wawe mashahidi.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wazazi. Nilipoanza kulizungumza hili mtaani, jirani yangu, mwanamke ninayemheshimu kama dada, alinivuta kando akaninong'oneza, "Usimtaje, mwenzangu, watamtia jicho." Namwelewa, kwani nami naogopa husuda kama mzazi yeyote, na kila asubuhi namsomea binti yangu kabla hajatoka. Lakini tukiwaficha wote, kila mwalimu ataamini kwamba huyu aliye naye ni mmoja tu na ni mkorofi. Tangu siku ile nimewafahamu wazazi wengine wanne, mmoja wao ana mtoto wa kiume asiyeandika vizuri lakini akionyeshwa mashine yoyote ya mashua huifungua na kuirudisha. Na kwa mtoto wa kike kimya hiki ni kizito zaidi, kwa sababu msichana mwenye maswali mengi huitwa mjuaji upesi, naye hujifunza upesi kunyamaza.

Najua hali yetu ilivyo. Walimu hawatoshi, ukosefu wa usalama uliwahi kuwafukuza wengi kaunti hii, na kule Basuba wako watoto ambao shule zao zilifungwa kwa muda mrefu, kwa hiyo siwezi kuja na orodha ya maabara na walimu wa pekee. Naomba tathmini katika vituo vilivyopo iongezewe ukurasa mmoja wa watoto hawa, na mwalimu mkuu apewe ruhusa ya wazi ya kumhamisha mtoto kwa somo moja tu analolimudu, si kumrusha darasa zima akaachana na rika lake. Binti yangu ana miaka minane sasa, kucheza kwake ni kwa watoto wa miaka minane, na sitaki akae kutwa nzima na wakubwa zake. Hisabati pekee inatosha. Kinachohitajika ni kipindi cha hisabati cha Gredi ya Tatu na cha Gredi ya Tano viwekwe wakati mmoja katika ratiba, ambayo kwa vyovyote hupangwa upya kila mwanzo wa mwaka, ili mtoto atoke mlango mmoja na kuingia wa pili kwa muda wa kipindi hicho, kisha arudi kwa wenzake.

Ombi hilo nimekwisha kuliandika na kulikabidhi shuleni kupitia mwakilishi wa wazazi, pamoja na daftari la hesabu alizozifanya nyumbani na karatasi ya ile kofia. Nimeambiwa kwamba madawati ya Gredi ya Tano yamejaa. Kiti atakwenda nacho kutoka nyumbani.

Wako mwaminifu,
Mzazi, Langoni, Lamu