Wajukuu Zangu Wakulima wa Korosho, Ifungueni Kadi ya Mtoto

Kwa wajukuu zangu wa kiume wa Newala, Tandahimba na Masasi, nyinyi mliooa na mna watoto wadogo.

Hamjambo. Nawaandikia nyinyi na si wake zenu, maana wao nimesema nao kliniki mpaka nikastaafu uuguzi, na bado wananivumilia.

Mkipeleka korosho ghafi chama cha msingi cha ushirika, hakuna wa kuwachezea kwenye mizani. Mtu anasimama ubavuni mwa karani, anahakikisha mizani imeanzia sifuri, nusu kilo anaibishania mpaka jua linazama. Huyo huyo nikimuuliza mwanawe ana kilo ngapi, ananijibu, "Bibi, hayo anayajua mama yake."

Haya, leo myajue na nyinyi. Kwenye kadi ya kliniki kuna chati. Kila mtoto akipimwa muuguzi anatia nukta, na nukta zinaunganishwa kuwa mstari. Usiangalie nukta ya leo peke yake, angalia mstari unaelekea wapi. Mtoto wa kilo 8 anayepanda kila mwezi simhofii. Wa kilo 9 aliyebaki hapo hapo miezi mitatu, huyo ananikosesha usingizi, hata kama mashavu yamejaa. Na mashavu yenyewe msiyaamini sana: bonyeza nyayo zote mbili upande wa juu kwa kidole gumba, ukiachia na shimo likabaki, huo si unene, ni uvimbe wa utapiamlo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Urefu nao upimwe. Mtoto huzaliwa na sentimita kama 50, na akitimiza mwaka anakaribia 75. Asipofika miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao. Aliyedumaa anacheza na kucheka kama wenzake, ndiyo maana nyumbani hamuoni kitu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42, kwa hiyo kulipunguza jambo hili kunawezekana.

Halafu asitokee wa kuniambia ukoo wenu ni wafupi. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walionyonyeshwa na kulishwa ipasavyo walikua karibu sawa, wa Ghana na wa Norway. Ufupi wa babu yenu nao huenda ulianzia kwenye njaa.

Sasa la kubemenda, yaani mtoto kudhoofika eti kwa mambo ya chumbani ya wazazi wake, ambalo watu wanalinong'ona tu. Mtoto akikonda, mashangazi wanakaa kikao: baba katoka nje, au mama kashika mimba mapema. Mama anaona aibu, anamficha mtoto ndani, kliniki haonekani tena. Nimepokea watoto wa namna hiyo wakiwa wamebaki ngozi na mifupa, mzunguko wa mkono wa juu ukipimwa kwa utepe haufiki sentimita 11.5, na wamecheleweshwa na maneno ya watu. Mambo yenu ya chumbani yasemeni chumbani. Mtoto anayekonda anahitaji chakula na matibabu, na ni wewe baba wa kuwanyamazisha hao mashangazi, kwa sababu mkeo hawezi.

Chakula tunacho, tatizo ni kwamba tunauza chote. Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama tu, hata maji hapana. Baada ya hapo anaendelea kunyonya, lakini uji mweupe wa muhogo asubuhi na jioni haumkuzi mtu. Bakiza korosho kidogo na karanga, zitwangwe laini kabisa ziingie kwenye uji, maana punje nzima humkaba. Mbaazi zipo, kisamvu kipo, dagaa wanapanda kutoka pwani. Akifikisha miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku. Kipindi cha palizi, mama akishinda shamba na mtoto akaachiwa dada yake wa miaka saba, hapo ndipo mistari mingi hulala. Pangeni nani anabaki nyumbani.

Tabia moja imenichosha: mtoto akishapata chanjo ya surua ya miezi 18, kadi inawekwa juu ya kabati. Chanjo zimeisha, kupima hakujaisha. Mpaka miaka mitano.

Siku ya kliniki ijayo nenda mwenyewe. Mtoto avuliwe nguo nzito, mizani ianzie sifuri, uliza mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi na kama mstari umelala, ni kwa nini. Kama kadi imeliwa na panya, nenda hivyo hivyo. Utapewa nyingine, na maneno ya muuguzi utayavumilia.

Bibi yenu,
Newala