"Familia ya marehemu" ni akina nani hasa?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu namna magazeti yetu yanavyoandika habari za misiba na mirathi. Kila mara nasoma "familia yagombea nyumba ya marehemu" au "familia yasema atazikwa kijijini". Nasoma mpaka mstari wa mwisho, na bado sijui waliosema hayo ni mjane na wanawe, au ni kaka za marehemu walioshuka kwenye basi jana yake. Hizo ni pande mbili, na mara nyingi ndizo zinazovutana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na huwa naitwa kuwa katibu wa vikao vinavyofanyika baada ya kuanua matanga. Muhtasari wa kikao kama hicho ndio unaopelekwa mahakama ya mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Juu ya karatasi wengine huandika "Kikao cha Ukoo", wengine "Kikao cha Familia", na karatasi zote hupokelewa. Lakini aliyekaa kwenye mkeka anajua kwamba kichwa kile ndicho kinachoamua nani abaki na nani aende jikoni. Kuna kikao mjane aliambiwa, tena kwa upole kabisa: "Shemeji, hiki ni kikao cha ukoo, tutakuita." Nyumba iliyokuwa inajadiliwa aliijenga yeye na mumewe, matofali waliyafyatua wenyewe uani. Nikasema siandiki orodha ya waliohudhuria mpaka aingie. Wakanyamaza, mzee mmoja akaniunga mkono, mjane akaitwa. Aliketi karibu na mlango, kanga kichwani, na alipoulizwa viwanja viko vingapi, yeye pekee ndiye aliyejua.

Yule aliyemtoa nje hakusema uongo. Mke si wa ukoo wa mumewe. Ukoo ni watu waliotoka kwa babu mmoja au bibi mmoja, na ndoa haikuingizi humo hata ukae miaka hamsini. Sheria ya mila ya mwaka 1963, iliyoandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba, iliweka kabisa kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Ndiyo maana neno hili si pambo. Ukiita jambo la mke na mume kuwa la ukoo, umeshaamua nani hana sauti kabla kikao hakijafunguliwa.

Na ukoo wenyewe hauko namna moja. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Tunauita lukolo, na ndani ya lukolo kuna tombo, yaani titi: wale waliotoka kwa bibi mmoja. Shamba la mlimani ni la lukolo. Mwanamume wa Kiluguru akifariki, watu wa ukoo wake ni dada zake na wapwa zake. Watoto aliowazaa na kuwasomesha ni wa ukoo mwingine, wa mama yao. Sasa mwandishi anapoandika "ukoo wa marehemu" akidhani amewataja watoto, kwetu amewatoa nje. Akiandika hivyo hivyo Kilimanjaro, kwa akina Mosha au akina Massawe, watoto wamo, maana kule mtoto hubeba ukoo wa baba.

Serikali kwa upande wake imekuwa makini na neno kaya. Kwenye sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 karani alimhesabu dada wa kazi katika kaya yangu, kwa kuwa alilala na kula kwangu, na mwanangu aliyekuwa Dodoma akahesabiwa hukohuko. Sawa kabisa. Kaya ni wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, hata wasiwe na damu moja. Wastani wa watu 4.3 uliotangazwa ni wa kaya, kwa hiyo usiutumie kusema familia ya Mtanzania ina watu wangapi. Mwanangu hakuacha kuwa wa familia kwa sababu ya usiku mmoja.

Sisemi maneno yasibadilike. Mombasa wenyeji walijigawa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, na kila taifa lilikuwa watu wa asili moja. Leo taifa ni nchi nzima. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alilichukua neno kutoka kwenye undugu akalipeleka kwa nchi nzima. Hayo ni mabadiliko ya makusudi, na watu walielezwa. Ninacholalamikia ni neno "familia" kutumika kama blanketi la kufunika kila mtu, mwenye haki na anayemnyang'anya.

Ombi langu kwa waandishi wako ni dogo. Mkifika msibani au mahakamani, mwulizeni anayezungumza: wewe ni nani wa marehemu? Kisha mwandike jibu lake kama lilivyo: kaka wa baba mmoja, mpwa, binti wa mke wa kwanza, baba mdogo. Kiswahili kina majina ya hawa wote na wasomaji wenu wanayajua. Hata nafasi ya kichwa cha habari haitapungua, kwa kuwa "mjane" ni neno fupi kuliko "familia".

Mwalimu mstaafu,
Morogoro