Mti mbichi wa Norton St Philip

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, pamoja na picha ya fremu aliyokurudishia mteja kwa kuwa imepinda. Usilie, mama. Mti ulikuwa mbichi, na mlango hauvumilii mti mbichi. Lakini Jumapili nilifika Norton St Philip, kijiji kilicho kusini ya mji wa Bath, Uingereza, nikaona jengo ambalo mafundi wake waliutaka mti mbichi makusudi. Nikakukumbuka pale pale.

Ni baa iitwayo The George. Zamani ilikuwa ya watawa wa monasteri ya Hinton Charterhouse. Wageni walilala humo, na sufu ya gulio iliwekwa humo. Chini ni ukuta wa jiwe wenye tao la kupitia hadi uani. Juu yake zimekaa ghorofa mbili za mti, zimechomoza kuuzidi ule ukuta, hata ukisimama mlangoni boriti ziko juu ya kichwa chako. Samuel Pepys, yule Mwingereza mwandishi wa shajara, alikula hapo mwaka 1668. Mimi nilikunywa chai.

Sasa sikiliza ya ufundi. Mti wenyewe ni mwaloni, na mwaloni ukishakauka, patasi inagoma. Kwa hiyo mafundi wa enzi hizo waliuchonga ungali na maji. Waliunga kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mti mmoja iliyochongwa nyembamba inaingia kwenye tundu la mwingine, kisha wakapigilia kigingi kikavu. Tobo la kigingi kwenye ulimi walilisogeza kidogo kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia, lisilingane na la nguzo. Kigingi kikipita, kinauvuta ulimi ndani. Miaka inayofuata mti unakauka, unajinyonga, na kiungo kinazidi kushikana. Nilipapasa nguzo moja: ina ufa wa kuingia kidole, na kigingi chake kimetokeza kichwa, lakini ukikitikisa hakichezi. Zaidi ya miaka 500, mama!

Kati ya nguzo, nyumba nyingi za namna hii zilisukwa fito zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na mavi ya ng'ombe. Bibi yako angeifanya kazi hiyo bila kuelekezwa.

Fremu ya mteja itengeneze upya kwa mbao kavu. Pesa ya mbao nitakutumia. Halafu tafuta vipande viwili vya mvule mbichi, ufanye kiungo kama nilivyokueleza. Kigingi kiwe kikavu kabisa. Tobo lisogeze milimita 3, usizidishe. Ukimaliza nitumie picha ya begani, nione kama kuna mwanya.

Baba yako